Visanduku vya intaneti vya runinga: Nani anavihitaji?

KISANDUKU cha kupokea filamu na vipindi kwa njia ya intaneti, kinachounganishwa na runinga kwa waya wa HDMI, kina manufaa makubwa kwa mwenye runinga ya kawaida iliyo nzima. Kwa aliyenunua runinga janja miaka ya karibuni, mara nyingi hurudia tu kazi ambayo runinga yenyewe inaifanya.

Kifaa hicho si king'amuzi kama vile ambavyo wakazi wa Dar es Salaam walilazimika kununua matangazo ya analojia yalipozimwa Desemba 31, 2012. King'amuzi hunasa mawimbi ya antena au setilaiti. Kisanduku hiki, intaneti ikikatika, ni pambo la mezani.

Apple ilianza kuuza Apple TV mwaka 2007 kwa dola 299 za Marekani. Mwaka uliofuata Roku ilitoa kifaa chake cha kwanza kwa dola 99, na mwaka 2013 Google ikaleta Chromecast ya dola 35.

Hata hivyo, mwenye PlayStation 4 au Xbox One tayari anazo programu za Netflix na YouTube. Kompyuta yenye tundu la HDMI nayo hutosha, ingawa kuinuka kitini kila mara ili kusimamisha filamu ni adha isiyoandikwa kwenye bei.

Tatizo la runinga janja ni kwamba programu zake huzeeka kabla ya kioo. Desemba 2019, Netflix iliacha kufanya kazi katika baadhi ya runinga za zamani za Samsung na Vizio. Visanduku vya zamani vya Roku navyo havikusalimika, lakini kubadili kisanduku ni nafuu kuliko kubadili runinga.

Gharama kubwa zaidi imo katika bando. Kwa makadirio ya Netflix yenyewe, picha za HD hutumia hadi GB 3 kwa saa, na za 4K hadi GB 7. Filamu moja ya saa mbili yaweza kumaliza kifurushi cha wiki.

Bei ndogo kupita kiasi nayo ina hatari yake. Juni 2025, FBI ya Marekani ilitahadharisha kuhusu vifaa vya bei rahisi vya Android, vikiwamo visanduku vya runinga, vilivyopandikizwa programu haribifu hata kabla ya kununuliwa, ili wahalifu wapitie kwenye mtandao wa nyumbani. Kisanduku kinachomtaka mnunuzi azime kinga ya Google Play Protect ndipo kifanye kazi, kirudishwe dukani.