Mgeni na Balozi wa Nyumba Kumi: Historia ya Karatasi za Ukaazi katika Viunga vya Dar es Salaam

Kiswahili kimempa mgeni jina moja tu. Anayebisha hodi baada ya alasiri akaletewa maji ya kunywa ni mgeni; na raia wa nchi nyengine aliyepanga chumba Temeke, ambaye kibali chake kinakwisha mwezi ujao, naye ni mgeni. Lugha haikuona haja ya kuwatenganisha, kwa kuwa katika miji ya pwani wote wawili walikuwa na hali moja: kila mmoja alihitaji mwenyeji wa kumsemea. Sheria ndiyo iliyowatenganisha. Historia ya karatasi za ukaazi katika Dar es Salaam ni historia ya namna serikali ilivyotwaa nafasi ya mwenyeji, na namna ambavyo, kila ilipodhani imeitwaa yote, ililazimika kurudi kwa jirani na kumwuliza: je, huyu unamjua?

Kabla ya Dar es Salaam palikuwa na Mzizima, kijiji cha pwani chini ya majumbe wa Kishomvi, na Wazaramo wakiwa nyuma yake bara. Aliyefika hapo kwa biashara alijitambulisha kwa jumbe, akatoa ada yake, akapewa pa kulala. Sayyid Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake mahali hapo katika miaka ya 1860, yeye mwenyewe alikuwa mgeni aliyepaswa kuelewana na wenyeji. Kanuni ya zama hizo imehifadhiwa katika methali ambayo kila mtu anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu husomwa kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ikitazamwa vyema ni sheria kamili ya ukaazi. Ina muda, ina sharti, na mwisho ina haki, kwani aliyepewa jembe hana budi kuonyeshwa na pa kulima.

Ukoloni ulileta jembe bila ya haki hiyo. Neno lake ni kipande. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, ambazo kibarua alitakiwa azimalize ndani ya siku 42. Wamakonde waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji na vibarua walioshuka kutoka Burundi na Rwanda waliingia nchini kwa mlango huo. Karatasi yao haikuuliza mtu ni nani, wala nani anamjua. Iliuliza amefanya kazi siku ngapi.

Mjini nako palikuwa na hesabu yake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Kiingereza ilipima viwanja na kujenga nyumba kwa ajili ya Waafrika katika sehemu za Ilala, Magomeni, Temeke na Kinondoni. Lakini tangu mwaka 1944 ilikwishajipatia sheria ya kuwaondoa mijini watu iliowaita wasiotakiwa. Asiye na kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao, hata kama kwao ni Utete au Kisarawe, mwendo usiokuwa mrefu kutoka alipokamatwa. Hivyo mmoja wa wageni wa kwanza wa Dar es Salaam, kwa jicho la sheria, alikuwa mtu wa nchi hii hii.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961 Tanganyika ikawa huru, na wakaazi wake wakagawanyika kwa namna mpya. Miezi miwili kabla, Bungeni, kulizuka mabishano makali juu ya nani awe raia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi. Julius Nyerere alikataa kabisa, akatishia kujiuzulu, na hoja yake ikashinda. Kwa ujumla, aliyezaliwa Tanganyika na ambaye mzazi wake mmoja naye kazaliwa Tanganyika alipata uraia palepale. Wengine walipewa miaka miwili ya kuomba waandikishwe. Sheria ilikuwa ya haki kuliko ile iliyodaiwa na wapinzani wake. Hata hivyo, ilipita katikati ya mitaa na pengine katikati ya nyumba. Mshihiri mwenye duka, Mngazija mwalimu wa chuoni, Mmakonde mchonga vinyago na Mhindi fundi cherehani, kila mmoja alilazimika kujiuliza swali ambalo baba yake hakuulizwa: mimi ni wa wapi kwa maandishi?

Mwezi uliofuata, Januari 1962, alifika mgeni ambaye hakuwa na pasipoti. Nelson Mandela alikuwa ametoka Afrika ya Kusini kwa siri, akaingia Tanganyika kwa njia ya Mbeya, akaonana na Nyerere Dar es Salaam. Yeye mwenyewe amesimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba alipewa karatasi fupi iliyomtaja kwa jina, ikasema kwamba ni raia wa Afrika ya Kusini, na kwamba anayo ruhusa ya kutoka Tanganyika na kurudi. Kwa karatasi hiyo alipita Khartoum, na afisa mzee wa uhamiaji wa Sudan akamkaribisha kama mwanawe. Yafaa kuitazama karatasi hiyo kwa makini. Vibali vya kawaida humwambia mgeni lini aondoke. Hii ilimwambia kwamba anaweza kurudi. Nchi iliyokuwa na umri usiotimia miezi miwili ilimwandikia mgeni wake kile ambacho jumbe wa Mzizima angekitamka kwa kinywa: huyu ni wetu, mpokeeni.

Tangu hapo Dar es Salaam ikawa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. FRELIMO iliundwa hapo tarehe 25 Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikaweka ofisi zake hapo mwaka 1963. Na Kurasini, upande wa Temeke, ikafunguliwa Taasisi ya Msumbiji kwa ajili ya vijana waliokimbia utawala wa Wareno. Wapenzi wa mashairi hawana sababu ya kusahau kwamba miongoni mwa wageni hao walikuwamo washairi: Marcelino dos Santos na Jorge Rebelo wa Msumbiji, na baadaye Keorapetse Kgositsile wa Afrika ya Kusini, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu Oysterbay, katika eneo la Kinondoni, tarehe 3 Februari 1969, akazikwa katika makaburi ya Kinondoni. Baada ya Msumbiji kupata uhuru, mabaki yake yalihamishiwa Maputo.

Lakini hao walikuwa wageni wa taifa, na mwenyeji wao alikuwa chama na serikali. Waliokimbia bila ya chama cha kuwasemea waliwekwa chini ya sheria ya kudhibiti wakimbizi iliyotungwa katikati ya miaka ya 1960, ambayo iliwataka waishi mahali walipopangiwa. Mgeni wa kawaida wa viungani, yule ambaye si mpigania uhuru wala si mkimbizi wa kambini, alibaki mikononi mwa mtu mwengine kabisa: balozi wa nyumba kumi.

Mpango wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU mapema katika miaka ya 1960. Kila nyumba kumi zilikuwa na kiongozi mmoja, na watu wakamwita balozi, neno lile lile la mjumbe wa nchi katika nchi nyengine. Wengine walimwita mjumbe tu, neno lililo ndugu wa jumbe wa Mzizima. Mzambia au Mmalawi aliyehamia Kinondoni alikuwa kwa hivyo na mabalozi wawili: mmoja mjini kati, mwenye bendera na gari, na mwengine jirani, mwenye kibaraza na daftari. Aghalabu alikuwa na haja zaidi na huyu wa pili. Ndiye aliyeandika kwamba fulani anakaa hapa, nyumba ya fulani, tangu mwaka fulani. Bila ya neno lake, ofisi nyingi hazikuwa na pa kuanzia.

Madaraka hayo yalikuwa na upande wa kutisha. Mwaka 1983, katika ukata mkubwa wa uchumi, ilitungwa sheria ya nguvukazi, na jijini ukaanza msako wa waliohesabiwa kuwa hawana kazi. Aliyeweza kuonyesha kitambulisho cha kazi alipita. Asiyeweza alipakiwa akapelekwa vijijini. Hatari ya mwaka 1944 ilirudi kwa jina jengine na chini ya serikali ya wananchi wenyewe. Kwa muda, raia wa Tanzania alionja maisha ya mgeni: kutembea na karatasi mfukoni, na kuhofia swali la mtu asiyemjua.

Hofu hiyo ilikuwa maisha ya kila siku kwa wengine. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, maelfu ya watu walikimbilia Tanzania, wakapewa makaazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walikua huko, na baadhi ya vijana wakaja Dar es Salaam bila ya ruhusa, wakawa mafundi cherehani. Mtafiti Marc Sommers aliandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 2001, na neno hofu limo katika jina la kitabu chenyewe. Vijana hao waliogopa ndimi zao kuliko mifuko yao. Karatasi waliweza kuificha, lakini namna ya kutamka herufi moja tu ingetosha kumfichua mtu. Yafaa jambo hili liwafikirishe wote wanaokipenda Kiswahili. Lugha inayojisifu kwa kuwaunganisha watu ilikuwa, kwa fundi yule, kituo cha ukaguzi kisichofungwa usiku wala mchana.

Na hatima yao haikuwa fupi. Mwaka 2010 serikali iliwakubalia uraia wakimbizi hao wa mwaka 1972 na watoto wao, zaidi ya watu 160,000, jambo ambalo nchi chache duniani zimelifanya kwa kiasi hicho. Hata hivyo, vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa mwaka 2014. Miaka minne walikuwa watu ambao wameitikiwa hodi lakini mlango haujafunguliwa.

Historia ikarudi Kurasini. Mtaa uliowapokea vijana wa Msumbiji ukaja kuwa pahala pa makao makuu ya Idara ya Uhamiaji, kabla hayajahamia Dodoma. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 iliwapanga wageni kwa herufi: daraja A kwa mwenye mtaji na anayejiajiri, daraja B kwa aliyeajiriwa, daraja C kwa mwanafunzi, mtafiti, mmisionari na mfano wao. Mwaka 2015 sheria nyengine ilikitenga kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na mwombaji akawa na milango miwili ya kubisha: kwanza kwa Kamishna wa Kazi, kisha Uhamiaji. Tangu mwaka 2018 mambo yakaanza kuhamia kwenye mtandao, na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, iliyoundwa mwaka 2008, ina kitambulisho chake kwa ajili ya mgeni mkaazi pia.

Mabadiliko haya yana manufaa yasiyopingika. Mtandao haumchoki mtu, wala haumwulizi kabila. Lakini atakaye kuvuka kutoka ukaazi hadi uraia huona kwamba serikali, pamoja na mitambo yake yote, bado haijapata badala ya jirani. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka awe na tabia njema na ajue Kiswahili au Kiingereza. Na inamtaka atangaze nia yake gazetini, ili yeyote anayejua sababu ya kumkatalia aandike. Matangazo hayo madogo yamejulikana kwa wasomaji wa magazeti kwa miaka mingi. Ni swali la zamani lililopigwa chapa: je, huyu mnamjua?

Msomaji wa visiwani hahitaji kufafanuliwa zaidi. Sheria Namba 7 ya mwaka 2005 ilileta kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na mwaka 2009, wakati wa kuandikisha wapiga kura, mvutano juu ya nani anacho na nani hana ulikuwa mkubwa, hasa Pemba. Huko nako, nyuma ya kitambulisho alisimama sheha, mtu wa kusema huyu namjua au simjui. Neno hilo likisemwa kwa insafu, mtu huishi kwa amani miaka arubaini. Likisemwa kwa chuki, au likinyamazwa kwa hofu, aliyezaliwa palepale huweza kuamka akiwa mgeni.

Ndiyo maana mjadala wa karatasi za ukaazi haumalizwi kwa kuzungumzia foleni, ada na mitambo peke yake. Foleni yaweza kufupishwa, na inafaa ifupishwe. Lakini kila kibali, kiwe cha karatasi au cha mtandao, chanzo chake ni ushahidi wa mtu juu ya mtu. Methali ya wazee ilimpa mwenyeji wajibu: baada ya siku mbili ampe mgeni jembe, yaani ampe nafasi. Sheria zilizofuata zimeandika kwa kirefu wajibu wa mgeni, na wa mwenyeji zikauacha kwenye methali.