Fahamu Zilizo Ghaibu

Zamani mtu aliyezimia kwa siku nyingi hakudumu, kwani asiyeweza kumeza wala kupumua barabara hufariki upesi. Lakini tangu mwaka 1952, pale Copenhagen, tabibu Bjørn Ibsen alipowaokoa wagonjwa wa polio kwa pumzi iliyosukumwa kwa mikono ya wanafunzi wa udaktari, ilimu hiyo ilienea, na waliozimia nao wakaanza kuishi na kusimulia. Wengi hawakukumbuka lolote. Wengine walihadithia ndoto ndefu za kuogofya, au sauti za jamaa zao.

Kipimo cha fahamu cha Teasdale na Jennett wa Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974, hutazama macho, kauli na viungo, nacho kina manufaa makubwa, ila hupima dhahiri tu, batini hakiifikii. Ndipo mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake wa Cambridge walipomwomba mwanamke kijana, aliyefumbua macho baada ya kuzimia lakini asiyeonyesha dalili yoyote ya fahamu, awaze kuwa anacheza tenisi; na ubongo wake, ajabu, ukaitika kama wa mtu mzima wa afya.

Basi, ndugu msomaji, ukimzuru mgonjwa wa namna hii, msalimu kwa jina lake.