Franz Rosenzweig, mwanafilozofia mwenye aliwarudisha Wayahudi kwenye vitabu vyao

Kisha vita ya kwanza ya dunia, Wayahudi wengi wa Ujerumani walikuwa Wajerumani kabisa kwa luga, kwa masomo na kwa kazi. Sinagogi waliingia mara chache tu kwa mwaka, na Kiebrania wengi hawakukielewa tena. Franz Rosenzweig, muzaliwa wa Kassel mwaka wa 1886, alitoka kwenye jamaa ya namna hiyo. Mwaka wa 1913 ilibakia kidogo tu abatizwe. Lakini akabadilisha mawazo, akabaki Muyahudi.

Mwaka wa 1918, akiwa askari kule Balkani, alianza kuandika kitabu chake kikubwa, Nyota ya Ukombozi, na kurasa zingine aliziandika kwenye kadi za posta zenye alitumia mama yake. Kilitoka mwaka wa 1921. Ni kitabu kigumu, hata kwa wenye masomo mengi. Chenye kiligusa watu wa kawaida ni shule.

Shule hiyo, Freies Jüdisches Lehrhaus, ni kusema Nyumba Huru ya Masomo ya Kiyahudi, ilianza Frankfurt mwaka wa 1920. Ilikuwa ya watu wakubwa, bila mitihani, bila diploma. Rosenzweig alisema hivi: zamani Muyahudi alitoka kwenye Torati kuingia kwenye maisha, sasa atoke kwenye maisha, arudi kwenye Torati. Kwa hiyo hata mwalimu aliweza kuwa munganga ao avoka mwenye anajua kidogo tu, anajifunza pamoja na wanafunzi wake. Martin Buber, Gershom Scholem na Erich Fromm walifundisha pale.

Mwaka wa 1922 ugonjwa wa kulemaza misuli ukamushika. Mikono ikakataa kuandika, kisha sauti ikaisha. Alikuwa anaonyesha herufi, na bibi yake Edith anakisia neno. Ni katika hali hiyo, kuanzia mwaka wa 1925, yeye na Buber walitafsiri Biblia ya Kiebrania katika Kijerumani, kwa namna ya kumufanya musomaji asikie Kiebrania ndani yake. Walikuwa wamefika kwenye Isaya wakati alikufa, tarehe 10 desemba 1929. Alikuwa na miaka 42.

Hitler alipokamata utawala mwaka wa 1933, Wayahudi walianza kufukuzwa kwenye kazi na mashule. Mwaka uleule Buber alifungua tena Lehrhaus, yenye ilikuwa imesimama. Mwaka wa 1938 akakimbilia Yerusalemu. Tafsiri aliimaliza peke yake, mwaka wa 1961. Wayahudi wa Ujerumani wenye iliandikiwa walikuwa wamekwisha kuuawa ao kutawanyika.