Gorogoro ya Keroka na Historia ya Mafuta Mgando

Sokoni Keroka, mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, utasikia mnunuzi akisema: "Mama, nipimie gorogoro mbili za mahindi, na usinibanie." Aghalabu hatujiulizi kipimo hicho kilitoka wapi. Gorogoro ni mkebe wa kilo mbili wa mafuta mgando ya kupikia. Mafuta yakiisha, mkebe hupimia nafaka.

Je, mafuta ya mimea huganda vipi? Ya mawese huanza kuganda yenyewe. Mengi mengine yalihitaji kemia. Mnamo 1897, Wafaransa Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens walionyesha kuwa nikeli huiwezesha haidrojeni kuungana na gesi ya ethilini. Mjerumani Wilhelm Normann aliitumia mbinu hiyo kugandisha mafuta, akapata hataza mwaka wa 1902. Sabatier alitunukiwa Nobel mnamo 1912.

Nikeli hapa ni kichocheo: huharakisha mmenyuko bila yenyewe kuisha. Ili itende kazi zaidi, hutandazwa kama chembe ndogo mno juu ya unga wa oksidi, mathalani silika ya diatomaiti, udongo mweupe kama unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Kwa miaka mingi oksidi ilionekana kuwa kibebeo tu. Mnamo 1978, S. J. Tauster na wenzake wa Exxon walidhihirisha kuwa oksidi ya titani hubadilisha jinsi metali inavyonasa haidrojeni. Kumbe kibebeo nacho hufanya kazi!

Shida kuu ni uteuzi. Haidrojeni ikijaa kabisa, mafuta huwa magumu mno. Mmenyuko ukikatizwa katikati, baadhi ya molekuli zilizopinda hunyooka, zikawa mafuta ya transi. Mnamo 1990, Mensink na Katan wa Uholanzi walibaini kuwa mafuta hayo hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri. Mwaka wa 2018, Shirika la Afya Duniani lilitaka yale ya viwandani yaondolewe kwenye vyakula kufikia 2023. Ndiyo maana wanakemia husaka vichocheo teuzi, vinavyojua pa kukomea.

Wanasoko walijipatia gorogoro bila kungoja kamusi. Nasi wanalugha tuwape maneno ya kilichomo mkebeni. Mama wa Keroka akisoma "mafuta yaliyotiwa haidrojeni kiasi", aelewe ni nini anachowapikia watoto wake.