Kidirisha cha Kamera na Ushahidi wa Songea

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Maana yake ni kuwa jicho la mwanadamu halizuiliki kuona kilicho mbele yake, kiwe cha kupendeza au cha kuchukiza. Lakini mtu akiliweka jicho hilohilo nyuma ya kamera, hulipatia pazia pande zote nne: juu na chini, kulia na kushoto. Kilicho ndani ya pazia hilo kitabaki. Kilicho nje yake hakitaonwa na vizazi vijavyo. Mahali pazia hilo linapotundikwa ni katika kidirisha kidogo cha vioo ambacho mpiga picha huchungulia ili alenge. Makala haya yanakusudia kueleza habari za kidirisha hicho, tangu kamera za kwanza za mkononi hata kamera ndogo za dijitali, na kuonyesha jinsi ujuzi wa chombo hicho unavyoweza kumfaa mwanafunzi wa historia, hasa yule anayeshughulika na historia ya Songea.

Huenda msomaji akauliza: pana uhusiano gani kati ya kioo cha upana wa ukucha na vita vya Maji Maji? Uhusiano upo, nao si mdogo. Sehemu ya yale tunayodhani tunayajua juu ya vita hivyo imetufikia kwa njia ya picha, na picha ni shahidi. Shahidi akisimama barazani huulizwa alikuwa wapi, aliona kwa njia gani, na ni kitu gani hakuweza kukiona kutoka pale alipokuwa. Picha nayo yapasa iulizwe vivyo hivyo. Asiyejua jinsi mpiga picha alivyoona hawezi kuuliza maswali hayo sawasawa.

Kamera ya kwanza ya Kodak, iliyotolewa Marekani mwaka 1888, haikuwa na kidirisha chochote. Juu ya kisanduku chake palichorwa mistari miwili iliyofunguka mfano wa herufi V, na mwenye kamera aliifuata mistari hiyo kwa kukisia, kama mtu anayeelekeza mshale bila kufumba jicho moja. Kamera ya Brownie, iliyotolewa mwaka 1900 kwa bei ya dola moja, nayo ilianza na mistari ya namna hiyo. Baadaye kamera za kisanduku ziliwekewa kioo kidogo kilicholazwa mshazari chini ya kipande cha kioo cheupe. Mpiga picha aliishika kamera kifuani na kuinamisha kichwa kutazama chini. Aliona taswira iliyosimama wima, lakini kulia kwake kulikuwa kushoto. Mtu aliyepita mbele yake kuelekea mashariki alionekana katika kioo kama anayekwenda magharibi.

Wale waliotumia kamera kubwa za miguu mitatu walikuwa na kazi nyingine. Walijifunika kitambaa cheusi na kutazama kioo chenye ukungu nyuma ya kamera, na katika kioo hicho watu wote walionekana vichwa chini, miguu juu. Ilimpasa mpiga picha kuwazoea watu katika hali hiyo na kuwapanga kabla ya kuweka bamba lake. Kwa hiyo picha za namna hiyo si tukio lililonaswa likipita. Ni jambo lililotengenezwa, na waliomo ndani yake walisimamishwa, au walijisimamisha, wakangoja.

Mageuzi yalikuja na kamera ndogo ya Leica, iliyoanza kuuzwa mwaka 1925 nchini Ujerumani. Juu ya kamera hiyo paliwekwa kidirisha chenye lenzi mbili: mbele lenzi mbonyeo, nyuma lenzi mbinuko. Huu ni mpangilio wa darubini ya Galileo uliogeuzwa. Badala ya kukivuta kilicho mbali, hukipunguza kilicho mbele ili kiingie chote katika nafasi ndogo. Kwa kidirisha hiki mtu aliinua kamera hadi usoni na kuiona dunia ikiwa wima, pande zake zikiwa mahali pake, tena ikitembea. Mwaka 1954 ilitolewa Leica M3, ambayo katika kidirisha chake mlionekana mistari myeupe ya mpaka wa picha, nayo ilisogea yenyewe kadiri kitu kilivyokuwa karibu au mbali. Kuhusu sababu ya kusogea huko tutasema zaidi hapa chini, kwa kuwa ndani yake mna somo.

Sasa tuje Songea. Wajerumani walijenga boma lao hapo mwaka 1897, na mwaka uliofuata wamisionari Wabenediktini walianzisha kituo cha Peramiho. Vita vya Maji Maji vilipoanza katika vilima vya Umatumbi mwezi wa Julai 1905, havikuchukua muda kufika Ungoni. Mwisho wake kwa Wangoni ulikuwa wa huzuni. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu na wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa Songea, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama, wakazikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo jina la mji, alinyongwa baada yao na kuzikwa peke yake. Ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Katika zama hizo, kamera zilikuwa mikononi mwa nani? Zilikuwa mikononi mwa maofisa, wamisionari na wasafiri wa Kizungu. Katika picha zilizobaki za miaka hiyo tunaona wafungwa waliofungwa minyororo. Tunawaona kutoka mahali aliposimama mtu ambaye hakufungwa. Hatuoni walichokiona wao: sura ya mtu aliyewaelekezea kamera, na umati wa ndugu waliokuwa nyuma ya mpiga picha, kama ulikuwapo. Maelezo ya chini ya picha kama hizo kwa kawaida yalitaja mahali au kabila, na mara nyingi hayakutaja jina la mtu hata mmoja. Mpiga picha alijua alichotaka kukiona, na pazia lake likakatwa kwa kipimo cha haja yake.

Upungufu huu haukuachwa bila kujazwa. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianza kazi ya kukusanya habari za vita vya Maji Maji, na wanafunzi walitumwa vijijini kuwasikiliza wazee. Juu ya Ungoni waliandika O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, na kazi yao ilichapishwa mwaka 1969. Wazee wale walikuwa na majina, nasaba na maneno yao wenyewe. Walisema yale ambayo kamera ya ofisa ilikuwa imeyapa mgongo. Hivyo jicho la mgeni lilijibiwa na ulimi wa mwenyeji. Leo wazee wale hawapo tena, na wajukuu wao nao wamekuwa wazee. Mwanafunzi anayekwenda Songea siku hizi hubeba daftari na chombo cha kupigia picha pamoja, na hapa ndipo kidirisha kinapopata umuhimu mpya.

Kamera ya dijitali ilibadili namna ya kulenga. Casio QV-10, iliyotolewa mwaka 1995, iliwekewa kioo cha umeme mgongoni, na haikuwa na kidirisha cha kuchungulia. Mpiga picha aliinyosha mikono, akaitazama picha kama mtu anayetazama sinema ndogo. Hata hivyo watengenezaji wengi waliendelea kuweka vyote viwili katika kamera ndogo. Kamera za Canon PowerShot za mfululizo wa G, tangu G1 ya mwaka 2000 hata G16 ya mwaka 2013, zilikuwa na kidirisha cha vioo juu ya kioo cha umeme. Lenzi ilipovuta vitu vya mbali, vioo vya kidirisha navyo vilijivuta kwa kadiri ileile. Siku hizi kamera ndogo za namna hiyo ni chache, kwa maana simu za mkononi zimechukua nafasi yao. Lakini zilizopo bado zinafanya kazi, na anayezipata hana haja ya kuzidharau.

Faida za kidirisha zinaonekana wazi Songea kuliko katika miji mingi. Mji huo uko yapata nyuzi 10 na dakika 40 kusini ya Ikweta, na jua linaporejea kaskazini hupita juu ya utosi wake katika juma la tatu la Februari, yaani siku chache tu kabla ya kumbukumbu ya mashujaa inayofanywa kila tarehe 27. Ni majira ya mvua. Lakini mawingu yakipasuka adhuhuri, nuru hushuka wima, kofia hutia uso kivuli, na kioo cha umeme hufifia hata mpiga picha haoni ila sura yake mwenyewe. Kidirisha cha vioo hakiogopi jua, kwa kuwa kinatumia nuru hiyohiyo. Pili, kioo cha umeme kikizimwa betri hudumu zaidi, jambo la maana kwa aliye kijijini mbali na umeme. Tatu, kamera iliyoegemezwa usoni hutulia kuliko iliyoshikwa kwa mikono iliyonyoshwa.

Lakini kidirisha kina dosari zake, na mwenye kukitumia hana budi kuzijua. Hakionyeshi kama lenzi imekaza mahali panapotakiwa, wala kama nuru imezidi au imepungua. Kisha hakioni kutoka mahali pale pale lenzi inapoona, bali juu yake, na mara nyingi kando kidogo. Kwa kitu kilicho mbali tofauti hiyo si kitu. Kwa kitu kilicho karibu, kama sahani ya jina juu ya kaburi au barua ya kale mezani, tofauti hiyo huweza kukata mstari mzima wa juu. Ndiyo sababu mistari ya Leica M3 ilifanywa isogee. Kamera ndogo nyingi za dijitali hazina msaada huo, na kwa kazi ya karibu ni heri kutumia kioo cha umeme.

Dosari ya mwisho ndiyo yenye somo kubwa kwa mwanahistoria. Katika kamera hizi kidirisha huonyesha yapata asilimia 80 tu ya kile kitakachoingia katika picha. Mpiga picha anadhani ameweka mpaka, kumbe mpaka halisi uko nje ya ule aliouona. Kwa hiyo kila picha iliyolengwa kwa kidirisha hicho ina ukingo ambao hakuna aliyeuchagua: mkono wa mtoto, mwanamke aliyesimama pembeni, gari la mgeni, mti ambao kesho utakatwa. Msanii huona haya kwa ukingo huo na kuukata. Mwanahistoria afanye kinyume. Katikati ya picha mna kile mpiga picha alichotaka tukiamini. Ukingoni mna mashahidi ambao hawakuitwa, na shahidi ambaye hakuitwa ni vigumu kuwa amefundishwa la kusema.

Kwa kipimo hicho yafaa turudi katika picha za zamani. Nazo zina kingo zao, kwa sababu mistari ya V na kioo cha kifuani havikuwa na uhakika kuliko kidirisha cha leo. Tuzitazame pembeni kabla ya katikati. Tuulize kivuli kilichoanguka mbele ni cha nani, macho ya waliosimama yanaelekea wapi, na ni nani aliyekatwa nusu.

Jambo hili si la mchezo wa wasomi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na kuahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa cha nduna huyo. Siku hiyo kamera zilikuwa nyingi, na safari hii waliozishika walikuwamo Watanzania. Lakini wingi wa kamera si dawa peke yake. Kama katikati ya kila picha atakuwa mgeni mashuhuri, na wazee wa ukoo wakabaki ukingoni bila majina, basi tutakuwa tumebadili mikono iliyoshika kamera tu, pazia likabaki lilelile.

Basi mwanafunzi atakayekwenda Songea na ashike mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuinua kamera atazame kwa macho yasiyo na pazia, ajue anaacha nini nje. Pili, asikate ukingo wa picha zake kabla ya kuhifadhi nakala kamili. Tatu, aandike daftarini jina la kila aliyekubali kupigwa picha, kwa tahajia ambayo mwenyewe ameithibitisha, pamoja na mahali alipokuwa amesimama yeye mpiga picha. Wale walionyongwa mwaka 1906 waliingia kaburi moja, na majina yao yalihitaji kutafutwa kwa ndimi za wazee. Isiwe tena kazi ya wajukuu wetu kuuliza mtu huyu katika picha alikuwa nani, ilhali sisi tulikuwa naye ana kwa ana, umbali wa hatua mbili, na kalamu mfukoni.