Katuni Chini ya Mwamvuli wa Gazeti

Mtu mzima anayesoma katuni mbele za watu hushtakiwa kwa makosa mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Huyu atamwambia anasoma mambo ya kitoto, yule atamwambia anasoma upuuzi usiofaa kuonwa na watoto. Huko Marekani shtaka la kwanza lilitiwa nguvu na la pili. Katika miaka ya 1940 vitabu vya katuni vilisomwa na watu wazima wengi, wakiwamo askari kambini. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu akidai vinawaharibu vijana, kamati ya Seneti ikaketi kusikiliza, na wachapishaji, kwa kuhofia kubanwa na serikali, wakajitungia kanuni zilizofyeka karibu kila kilichomfaa mtu mzima. Aliyeendelea kuvisoma akachekwa kuwa hajakua, ilhali vitabu ndivyo vilivyorudishwa utotoni.

Tanzania haikupitia huko. Sensa ya 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma, na kampeni za kufuta ujinga zilizofuata zilifanya usomaji uwe wajibu wa ujenzi wa taifa. Katika hali hiyo kitabu kilikuwa elimu, na elimu haikuwa mchezo. Picha zilionekana ngazi ya kupandia tu, ambayo aliyekwisha kufika juu hana haja nayo. Hata hivyo wakati huohuo Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory, alikuwa akiwachekesha watu wazima katika Uhuru, gazeti la chama tawala. Nani angemwuliza mzee mwenye Uhuru mkononi ameanzia ukurasa gani? Nchini Kenya wasomaji wa Taifa Leo walistirika vivyo hivyo kwa Juha Kalulu wa Edward Gitau. Gazeti lilikuwa mwamvuli.

Yupo atakayesema katuni ya gazetini ni maoni ya siasa, si hadithi, kwa hiyo haithibitishi kitu. Lakini Chakubanga hakuwa waziri wala mbunge. Alikuwa mtu wa mitaani, na kilichomfanya asubiriwe ni vituko vyake. Jarida la Sani lilipoingia sokoni na wahusika kina Ndumilakuwili na Madenge, hadithi zilikuwa za jamii ileile, ila mwamvuli haukuwapo: jalada lenyewe lilimtoa msomaji hadharani. Pingamizi zito zaidi ni la maadili, nami nalikubali kwa sehemu, maana vichekesho vya majarida ya namna hiyo vilimdhalilisha mwanamke mara nyingi. Ila hilo ni kosa la kilichochorwa, wala si la kuchora; riwaya za mapenzi na uhalifu za miaka hiyo zilikuwa na kosa hilohilo, na hakuna aliyeziita za watoto.

Huko Marekani heshima ilirudi kwa umbo la kitabu: Maus ya Art Spiegelman, kuhusu mauaji ya Wayahudi, ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Kwetu njia ya zamani ya gazeti iliendelea kufanya kazi. Shujaaz, katuni ya Kisheng iliyoanza Kenya mwaka 2010 ikiwalenga vijana, ilitolewa bure, na nakala nyingi zilisafiri ndani ya gazeti.