Mko Wangapi?

Katika mikasa mingi ya watu walionaswa chini ya ardhi, ni michache iliyofuatiliwa na dunia nzima kama ule wa pango la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand. Jumamosi, tarehe 23 Juni 2018, vijana 12 wa timu ya mpira, wenye umri wa miaka 11 hadi 16, pamoja na kocha wao msaidizi aliyekuwa na miaka 25, waliingia katika pango hilo baada ya mazoezi. Mvua ikanyesha, maji yakapanda nyuma yao, na njia ya kutokea ikazibwa. Mimi niliufuatilia mkasa huo nikiwa hapa Kikwe, kwa redio, asubuhi na jioni, hadi siku ya mwisho. Nimetafakari mara nyingi kwa nini habari ya mbali namna ile ilitugusa sana sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru, na nimeona kuwa ndani yake limo jambo moja dogo ambalo wengi walilisikia na kulipita.

Jambo lenyewe ni hesabu. Jioni ya siku ile ile wazazi walianza kuuliza walipo watoto wao. Kocha mkuu alipotazama simu yake alikuta amepigiwa mara nyingi. Akaulizia, akaambiwa kwamba vijana walikwenda pangoni. Alipofika huko alikuta baiskeli zao zimeegeshwa nje na mabegi yao yameachwa. Basi kabla usiku haujaisha ilikuwa imekwisha kujulikana nani yumo ndani, ni mtoto wa nani, na jumla yao ni 13. Hakuna aliyekuwa ameona uso wa hata mmoja wao, lakini kazi ya kuwatafuta ilianza ikiwa na idadi kamili mkononi.

Siku tisa zilipita gizani. Vijana walikunywa maji yaliyodondoka kutoka kwenye miamba, na kocha wao akawafundisha kutulia ili wasiishiwe nguvu. Usiku wa tarehe 2 Julai wapiga mbizi wawili Waingereza, Rick Stanton na John Volanthen, waliibuka majini kiasi cha kilomita nne kutoka mlangoni, wakaona vijana wameketi juu ya mwinuko. Neno la Volanthen ambalo dunia nzima ililisikia lilikuwa swali fupi: mko wangapi? Mmoja wa vijana akajibu kwamba wako kumi na watatu. Yule mpiga mbizi akafurahi kupita kiasi, kwa sababu jibu lilikuwa sawa na ile hesabu iliyofanywa pale penye baiskeli. Hakupotea hata mmoja.

Yaliyofuata yamesimuliwa sana. Mashine zilivuta maji usiku na mchana na kuyamwaga chini bondeni, yakafurikisha mashamba ya mpunga ya wakulima wa pale. Baadhi ya wakulima hao walikataa kulipwa fidia, wakisema mpunga utapandwa tena. Sisi wakulima tuliposikia hayo tuliyaelewa bila kufafanuliwa. Tarehe 6 Julai mpiga mbizi wa Thailand, Saman Kunan, aliishiwa hewa na kufa alipokuwa akitoka kupeleka mitungi. Mwishowe daktari wa usingizi kutoka Australia, Richard Harris, aliwalaza vijana kwa dawa, wakavishwa vinyago vya hewa na kupitishwa chini ya maji mmoja mmoja: wanne tarehe 8 Julai, wanne tarehe 9, na watano tarehe 10. Jioni ya siku hiyo ya mwisho Ufaransa ilicheza na Ubelgiji katika Kombe la Dunia kule Urusi, na hata katika banda la video watu waliulizana kwanza habari za pango, kisha za mpira.

Lakini hapa kwetu mazungumzo hayakukaa Thailand kwa muda mrefu. Kila palipokuwa na watu wazima, baada ya dakika chache mmoja angetaja Mererani. Machimbo hayo ya tanzanaiti yako kusini mwa kiwanja cha ndege cha KIA. Leo ni Mkoa wa Manyara, lakini kabla ya mwaka 2002 yalikuwa katika Mkoa wetu wa Arusha. Vijana wengi wa vijiji vyetu walikwenda huko miaka ya tisini kujaribu bahati, wakaitwa wanaapolo kama wengine. Miongoni mwao walikuwamo watoto. Hao waliitwa nyoka, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kutambaa ndani ya njia nyembamba ambazo mtu mzima hapenyi. Uchunguzi uliochapishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2002 uliwataja watoto hao na kazi yao.

Aprili 1998, mwishoni mwa zile mvua za El Nino ambazo kila mkulima wa rika langu anazikumbuka, maji yaliingia katika mashimo ya Mererani. Anayeyafahamu machimbo anajua kwamba chini kule mashimo huonana. Njia ya huyu hutoboka kwenye njia ya yule, na wenyewe huita mtobozano. Kwa hiyo maji yaliyoingia shimo moja yalikwenda kuwakuta watu wa shimo jingine, ambao huenda hawakujua hata kwamba juu kunanyesha. Habari za wakati ule zilitaja vifo zaidi ya 100. Idadi yenyewe ilibadilika kila iliposemwa, kwa sababu hapakuwa na orodha ya walioingia. Wengine hawakupatikana kamwe.

Mwezi Julai 2018, tulipokuwa tukisikiliza taarifa ya redio, mama mmoja mzee, jirani yetu, aliniuliza: "Mwanangu, hao watu walijuaje kwamba wako kumi na watatu?" Nikamweleza habari ya baiskeli na simu za wazazi. Akanyamaza. Mwanawe aliondoka hapa mwaka 1997 kwenda Mererani, na baada ya mafuriko yale hakuonekana tena. Mama yule alikwenda huko mara mbili kuuliza. Kila aliyemwuliza alimjibu kwa upole, lakini hakuna aliyeweza kumwambia kama mwanawe alikuwa shimoni siku ile au la. Matanga hayakukaliwa. Utamliliaje mtu ambaye huna hakika kwamba amekufa?

Sisemi kwamba watu wa Mererani walikuwa na roho mbaya. Utaratibu wa kazi wenyewe haukuhitaji majina. Mchimbaji mdogo hakuwa na mshahara. Alipewa chakula na vifaa, akangoja mgawo siku jiwe litakapopatikana. Asiyelipwa mshahara haandikwi katika daftari la mishahara. Na huyo nyoka, ambaye kuwapo kwake shimoni ni kosa, nani angemwandika? Kumwandika kungekuwa kujishitaki. Hivyo wale waliokuwa katika hatari kubwa kuliko wote ndio waliokuwa hawamo kabisa katika maandishi. Machi 2008 mvua ilirudi, maji yakaingia tena, na makumi ya watu wakafa. Kwa mara ya pili wazazi walisimama juu ya mashimo wakitaja majina.

Kisha ukaja ukuta. Tarehe 6 Aprili 2018 Rais Magufuli alizindua ukuta wa kilomita 24 uliojengwa na jeshi kuzunguka machimbo yale, ili tanzanaiti isitoroshwe. Hayo yalikuwa miezi mitatu tu kabla ya pango la Tham Luang. Silaumu ujenzi wake, maana mali ya nchi lazima ilindwe. Ila natazama tarehe hizo mbili na kuona kwamba tuliweza kabisa kujenga mahali ambapo kila kitokacho kinahesabiwa. Ilichukua miaka 20 tangu mafuriko yale, na kilichotusukuma kilikuwa jiwe.

Wapo watakaosema kwamba tofauti ni fedha na mitambo. Ni kweli kwa sehemu. Lakini tukumbuke Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015. Shimo liliporomoka Oktoba, na baada ya siku 41 wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai, baada ya kuishi kwa mizizi, mende na vyura. Hawakuwa na wapiga mbizi kutoka Ulaya. Aliye hai chini hana budi kuwa na mtu juu anayejua kwamba yumo.

Wala Thailand haikuwa na hesabu kamili. Watatu kati ya vijana wale, pamoja na kocha wao, hawakuwa na uraia wa nchi yoyote. Walipewa uraia wa Thailand Agosti 2018, baada ya kutoka pangoni. Wazazi na wenzao waliwahesabu tangu jioni ya kwanza. Serikali iliwahesabu baadaye.

Katika kijiji chetu tunahesabu vitu vingi. Tunahesabu ng'ombe jioni wanaporudi, magunia wakati wa mavuno, na michango ya harusi hadi shilingi ya mwisho. Kijana anapoaga kwamba anakwenda kutafuta maisha, tunamtakia heri, na ni nadra mtu kuchukua kalamu akaandika anakwenda wapi, kwa nani, na kwa simu gani. Nimewaomba wajumbe wa mtaa wetu waanze daftari la namna hiyo. Lina kurasa chache zilizoandikwa mpaka sasa. La kwanza kuandikwa, kwa ombi la mama yake, ni jina la kijana aliyeondoka mwaka 1997.